Kipimo cha Tyuna na Haki ya Sikio

Tangu kifaa cha umeme cha kulinganishia nyuzi, ambacho wanamuziki wetu wamezoea kukiita tyuna, kilipotoka katika maabara kikaingia katika mikoba ya wapiga gita, na baadaye katika simu ya mkononi ya kila mtu, limezuka swali ambalo huulizwa kwa maneno mengi lakini muradi wake ni mmoja: je, uzi ambao sindano ya kifaa imeukubali ndio uzi uliolingana? Wapo wanaojibu ndiyo bila ya kusita, wakisema kwamba namba haina upendeleo wala uchovu. Na wapo, hasa miongoni mwa mafundi wazee wa fidla na udi, wanaokitazama kifaa hicho kwa jicho la dharau, wakisema kwamba muziki haukungoja betri ndipo ukawa muziki. Makundi yote mawili yana hoja, walakini yanaposhindana aghalabu hayazungumzi juu ya ala moja. Rai ya makala haya ni kwamba tyuna inastahili kutiiwa kwa kadiri ile ile ambayo ala yenyewe imefungwa katika mgawanyo wa sauti kumi na mbili uliowekwa ndani ya kifaa: ala iliyofungwa sana itii sana, na ala iliyo huru ichukue kwake sauti ya kwanza tu, kisha ijiendee.

Kabla ya kutoa hukumu ni insafu tujue kifaa hufanya nini. Uzi ukipigwa hutetema, na idadi ya mitetemo yake katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi, ndiyo inayopandisha au kushusha sauti. Tyuna huupokea mtetemo huo kwa maikrofoni, au, ikiwa ni ya aina ya kubanwa kwenye kichwa cha ala, kwa kibamba kidogo kinachotoa umeme kila kinapotikiswa. Kisha hukadiria muda unaopita kabla ya umbo la wimbi kujirudia, hulinganisha jawabu na jedwali la sauti lililo ndani yake, na mwisho huonyesha jina la sauti iliyo karibu zaidi pamoja na masafa yaliyobaki kuifikia. Masafa hayo huhesabiwa kwa senti, kipimo ambacho Mwingereza Alexander Ellis alikitangaza mwaka 1885, nacho hugawa kila nusu toni katika sehemu 100, na kwa hiyo oktava nzima katika sehemu 1,200.

Nasaba ya kifaa hiki si fupi. Mpiga tarumbeta John Shore alibuni uma wa sauti huko Uingereza mwaka 1711, na kwa zaidi ya miaka mia mbili chuma hicho chenye meno mawili kikawa rejea ya wanamuziki. Mwaka 1936 kampuni ya Conn ya Marekani ilitoa Stroboconn, sanduku zito lenye visahani vinavyozunguka ambavyo, uzi ukilingana, mistari yake huonekana imesimama. Na mwaka 1975 kampuni ya Korg ya Japani ikatoa WT-10, tyuna ya sindano inayobebeka mkononi. Tyuna nzuri za leo hukosea kiasi cha senti moja juu au chini, na zile za visahani, au za programu zinazoiga visahani, hufika hata sehemu ya kumi ya senti.

Je, sikio hufika wapi? Hapa ndipo mabishano mengi yanapopotea, kwa sababu sikio lina nguvu mbili zilizo mbalimbali. Likisikia sauti moja, kisha ya pili baada yake, hata sikio lililofunzwa hutaabika kutambua khitilafu iliyo chini ya senti tano hivi, na katika kazi hiyo tyuna ya bei ndogo hulishinda pasipo shaka. Walakini sauti mbili zikilia kwa pamoja mambo hugeuka, kwa kuwa sauti zilizokaribiana bila ya kulingana huzaa mapigo, yaani mvumo unaopanda na kushuka, na idadi ya mapigo hayo katika sekunde ndiyo tafauti ya mitetemo yenyewe. Uzi wa hezi 440 na mwenziwe wa hezi 441 hutoa pigo moja kila sekunde. Ukiukaza ule wa chini taratibu, mvumo hurefuka, ukawa pigo moja kila sekunde mbili, kila sekunde nne, mpaka unyamae. Pigo moja katika sekunde nne ni khitilafu ya senti moja tu. Basi sikio lenye nyuzi mbili mbele yake hushindana na mashine, na sikio lenye uzi mmoja pekee hushindwa nayo. Jambo hili la kwanza linaonyesha kwamba lawama ya ubovu wa sikio, na sifa ya ukamilifu wa sikio, zote mbili husemwa kwa jumla mahali panapotaka tafsili.

Jambo la pili la kuchungua ni ile sauti ya kuanzia. Tyuna nyingi zikiwashwa huamini kwamba sauti A ya katikati ni hezi 440, na kijana aliyezaliwa na simu mkononi huweza kudhani kuwa namba hiyo imeandikwa katika maumbile. Haikuandikwa huko. Serikali ya Ufaransa iliweka 435 mwaka 1859. Mkutano uliofanyika London mwaka 1939 ulipendekeza 440. Shirika la kimataifa la viwango likaikubali mwaka 1955 na kuithibitisha tena mwaka 1975. Hata hivyo okestra kadhaa za Ulaya hupiga kwa 442 au 443, na wapigaji wa muziki wa zamani wa karne ya 17 na 18 hushuka mpaka 415, ambayo ni takriban nusu toni nzima chini. Kwa hiyo namba 440 ni mapatano ya watu, yenye manufaa makubwa kwa kuwa huwawezesha wageni wawili kukutana jukwaani wakapiga pamoja, lakini ni mapatano yanayoweza kubadilishwa, na tyuna yoyote nzuri ina mahali pa kuyabadilishia.

Jambo la tatu ni zito zaidi, nalo ni mgawanyo wa oktava. Wanafunzi wa Pythagoras walijua tangu kale kwamba nyuzi mbili ambazo urefu wake ni kama tatu kwa mbili hutoa mwafaka mtamu unaoitwa tano safi. Ila ukipanda kwa tano safi mara kumi na mbili, badala ya kutua juu ya oktava ya saba unaipita kwa senti 23 na nusu hivi, wala hakuna hila ya hesabu inayoweza kuiondoa ziada hiyo; yaweza kusogezwa tu, hapa au pale. Zhu Zaiyu wa China aliandika mwaka 1584 hesabu ya kuigawa sawasawa, kama deni la marehemu linavyogawanywa kwa warithi wote, na mgawanyo wa namna hiyo ndio uliokuja kutawala piano, kodiani na gita. Kila tano hupungua senti mbili, upungufu ambao wengi hawausikii. Lakini tatu kubwa, ambayo kwa asili ni senti 386, hukaa kwenye 400, yaani senti 14 juu, na hilo sikio lililozoea kwaya nzuri hulisikia mara moja. Suluhu hii ndiyo iliyomo ndani ya tyuna. Taa ya kijani ikiwaka inathibitisha kwamba uzi umekubali suluhu, na usafi wa sauti ni habari nyingine.

Tukiishika mizani ya mambo hayo matatu tunaweza sasa kuzipitia ala moja baada ya moja, tukianza na gita, kwa kuwa ndiyo iliyoenea kupita zote kuanzia Kinshasa hadi Mombasa. Gita imefungwa. Freti zake, vile vyuma vilivyopandwa kwenye shingo, hukata uzi kwa uwiano mmoja usiobadilika. Vincenzo Galilei, baba yake mwanafalaki Galileo, alishauri mwaka 1581 uwiano wa 18 kwa 17 kwa kazi hiyo ya kupanga freti, na mafundi wa leo hutumia uwiano ulio karibu sana na wake. Mpigaji akitaka kulikaidi jambo hili ala yenyewe humrudi. Tuseme ameziachia wazi nyuzi za G na B, akazisikia zinavuma, akaushusha uzi wa B senti 14 mpaka tatu ile ikawa safi kabisa. Nyuzi hizo mbili zitampendeza. Lakini hapo hapo B haitapatana na E iliyo juu yake, na kila kodi nyingine, yaani mkusanyiko wa sauti zinazolia pamoja, inayotumia uzi ule itakuwa imeharibika. Kadhalika wale wanaolinganisha kwa hamoniki, yaani zile sauti za juu zilizofichika ndani ya uzi, wakigusa freti ya tano ya uzi mmoja na ya saba ya uzi wa pili, hupata nne safi za senti 498 pale ambapo shingo inataka 500, na kutoka uzi mnene wa E mpaka uzi wa G kosa limekwisha kuwa senti sita. Kwa hiyo, mpiga gita na ampe tyuna utiifu wake, kila uzi peke yake, pasipo kurekebisha mmoja kwa kuusikiliza mwingine.

Utiifu huo nao una adabu zake. Uzi ukicharazwa kwa nguvu huvutika, sauti hupanda kidogo mwanzoni kisha hushuka, na sindano huruka nayo. Anayeukimbilia mruko ule ataulegeza uzi uliokuwa sawa. Upigwe kwa upole, kwa nyama ya kidole gumba, usubiriwe sindano itulie, na sauti ifikiwe kwa kukaza kutoka chini, kwa sababu uzi uliofikishwa kwa kulegezwa huacha ulegevu katika meno ya kigingi na hushuka wakati wimbo ungali katikati. Uzi mnene, wenye mitetemo 82 na kitu kwa sekunde, huichelewesha tyuna kuliko wembamba, na pengine huidanganya ikasoma hamoniki badala ya sauti ya msingi. Baada ya uzi wa sita mpigaji arudi tena kwenye wa kwanza, maana mvuto wa nyuzi mpya hupinda shingo kidogo na zile za awali hulegea. Zaidi ya hayo apime uzi ukibanwa kwenye freti ya kumi na mbili: ikiwa uzi mtupu uko sawa na uliobanwa umepanda, basi kasoro iko katika urefu wa uzi penye daraja, na hakuna kigingi kitakachoiponya.

Fidla iko upande wa pili. Shingo yake haina freti, nyuzi zake nne zimepangwa kwa tano, na upinde unaweza kuziliza mbili kwa pamoja muda wote mpigaji atakao. Yaani ina yale mapigo ambayo kwayo sikio huishinda sindano. Mpigaji huchukua A kwa tyuna, au kwa mwenziwe, kisha huliza A na E pamoja. E ya tano safi ni hezi 660, na ile ya tyuna ni 659.26; akiiweka ya tyuna atasikia takriban mapigo matatu katika kila sekunde mbili, mtikisiko ambao upinde wa polepole hauwezi kuuficha. Ndiyo maana wapiga fidla wengi huiacha tyuna baada ya A. Haki hii lakini si ya siku zote: katika familia ya fidla uzi wa C wa viola na cello, ukifikiwa kutoka A kwa tano safi tatu, huwa chini kwa senti sita kuliko C ya piano, na kikundi chenye piano hakina budi kuzibana tano zake ili wote wakutane. Uhuru wa ala huishia mahali ambapo ala isiyo huru imeketi nayo jukwaani.

Nasi tukifika Unguja, katika taarab, tunakuta hali zote mbili zimekaa kwenye kikundi kimoja. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta waimbaji kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni. Na chama cha Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905 kingali kikitajwa kwa heshima hata leo. Pamoja na ganuni ziliingia maqamu za Kiarabu, yaani ngazi zake za sauti, na miongoni mwake zimo ambazo jedwali la sauti kumi na mbili haliwezi kuzibeba. Tatu ya Rasti, mojawapo ya maqamu hizo, si kubwa wala si ndogo. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliieleza sauti ya kati iliyonasibishwa na Mansur Zalzal, mpiga udi mashuhuri wa Baghdad, kwa uwiano wa 27 kwa 22, ambao kwa hesabu za leo ni senti 355. Waturuki huipandisha karibu na tatu safi, na Wamisri huishusha karibu na katikati. Mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, ukahudhuriwa hata na Béla Bartók na Paul Hindemith, uliijadili rai ya kuigawa oktava katika robo toni 24 zilizo sawa, na wajumbe hawakuafikiana.

Mpiga udi haoni taabu kubwa katika jambo hili. Nyuzi zake tupu zimepangwa zaidi kwa nne, tyuna huziweka vizuri, na uzi pacha wa kila jozi hufuatishwa kwa sikio mpaka mapigo yanyamae. Sauti za maqamu kama Rasti na Bayati hutafutwa na kidole juu ya shingo laini isiyo na freti. Taabu ni ya mpiga ganuni. Ala yake ina safu zipatazo 26 za nyuzi tatu tatu, wala hana shingo ya kutelezesha kidole. Kila sauti ya katikati sharti iandaliwe kabla, kwa kigingi au kwa vile vishikizo vidogo vya chuma vinavyoinuliwa na kulazwa pembeni. Mtazame akiandaa tatu ya Rasti kwa tyuna ya kawaida: uzi unapofika katikati, kifaa husema E iliyoshushwa, imezidi senti 50; akikigusa kigingi kidogo tu, husema E, imepungua senti 50, kisha hurudi, huenda, hurudi tena, na taa ya kijani haiwaki kamwe. Fundi anayejua anataka 350 au 355 huitumia sindano hiyo hiyo iliyobabaika kama rula, akaisoma namba na kuipuuza taa. Asiyejua atautuliza uzi pale kijani kilipo, na Rasti itakuwa imekufa mikononi mwake pasipo yeye kutambua.

Juu ya hayo kuna kodiani, ambayo imekaa katika taarab ya Unguja kwa miaka mingi. Vibamba vyake vya chuma haviwezi kukazwa wala kulegezwa jukwaani, nayo imefuata mgawanyo wa kumi na mbili. Tena pengine haiko 440 kamili, bali 442. Kikundi kikianza kwa kulinganisha fidla na udi kwa tyuna iliyoachwa kama ilivyotoka dukani, kisha kodiani ikaingia, kila mtu atakuwa sahihi na wote watakuwa wamekosa. Njia ya busara ni kuipima kwanza A ya kodiani, kuiwekea tyuna namba hiyo, na ndipo wengine wote wafuate. Na katika nyimbo za maqamu zenye robo toni, kodiani inyamaze kwenye sauti zile isizonazo. Kwa kila kikundi kanuni ni hiyo: rejea ni ala isiyoweza kubadilika.

Joto na unyevu wa pwani nao huongeza haja ya kupima mara kwa mara. Chuma cha uzi hurefuka kwa joto la taa za jukwaani na sauti hushuka. Mbao hunywa unyevu, hutanuka, na vigingi vya udi hukwama. Hapa faida ya tyuna ya kubana haina mpinzani, kwa sababu husoma mtikiso wa ubao wenyewe katikati ya kelele za ukumbi, na mpigaji huweza kurekebisha uzi kwa mguso usiofika kwenye masikio ya hadhira.

Katika bara mambo hupanuka zaidi. Gerhard Kubik na watafiti wenziwe wameonyesha kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo wa Dodoma, inayosikika katika uimbaji wao na katika ala zao, hufuata hamoniki za asili za uzi, mpaka ya saba na ya tisa. Hamoniki ya saba huanguka senti 31 chini ya sauti iliyo katika jedwali la tyuna, na hiyo ndiyo ladha ya muziki wao. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane, hutazama sauti ya mwimbaji wake kabla ya kutazama namba yoyote. Ukiipeleka zeze ya Kigogo kwenye kijani hutakuwa umeirekebisha, bali umeihamisha kabila.

Kuhusu mafunzo, hofu ya wazee kwamba kifaa kitaua sikio si hofu ya bure, lakini dawa yake haihitaji kukitupa kifaa. Mwanafunzi alinganishe kwanza kwa sikio dhidi ya sauti moja ya rejea, kisha aiwashe tyuna aone amekosea senti ngapi na upande gani. Kwa utaratibu huo kifaa humfundisha, ilhali akianza nacho humfanyia kazi tu, na siku betri ikiisha atasimama mbele ya watu hana la kufanya. Mahali kama Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, ambapo udi, ganuni na fidla hufundishwa chini ya paa moja, mwalimu ana nafasi adhimu ya kuonyesha kwa nini kifaa kimoja kitiiwe tafauti katika kila ala.

Imebaki kazi moja ambayo tyuna ingeweza kutufanyia nasi hatujaitumia vya kutosha. Ellis, aliyetupa senti, alikuwa na sikio hafifu la muziki, hata akalitegemea sikio la rafiki yake Alfred Hipkins; na alikibuni kipimo chake ili aweze kuandika kwa usahihi ngazi za sauti za mataifa mengi, kisha akahitimisha kwamba hakuna ngazi moja ya asili iliyo ya watu wote. Tyuna nyingi za leo, hasa zile za programu za simu, huruhusu mtumiaji kuandika humo jedwali lake mwenyewe. Basi fundi wa ganuni wa Unguja akishamaliza kuilinganisha ala yake kwa sikio lake, mwanafunzi wake na apite na kifaa safu kwa safu, aandike senti za Rasti yake na za Bayati yake, na aziweke zijulikane. Maadamu jedwali lililomo ndani ya kifaa liliandikwa na watu, hakuna sababu ya sisi kuwa wasomaji wake tu, ilhali tunao mafundi ambao masikio yao yamebeba jedwali lisilopata kuandikwa.